Kitabu cha Picha, Rekodi za Nyumbani, Video Fupi au Macho ya Mtoto: Mbinu Ipi Inafaa Kuchunguza Jinsi Watoto Wanavyoeleza Mwendo?

Mtu anayetaka kuchunguza jinsi watoto wanavyojifunza kueleza mwendo katika lugha yao ya kwanza hukuta mbinu nne ambazo zimekwisha kutumika kwa miongo kadhaa, na mara nyingi huchagua ile inayotajwa sana katika makala alizosoma badala ya ile inayofaa swali lake. Mbinu hizo ni kumsimulisha mtoto hadithi kwa kitabu cha picha kisicho na maneno, kumrekodi akizungumza nyumbani na watu wake, kumwonyesha video fupi zilizotengenezwa kwa makusudi na kumwomba aeleze alichokiona, na kupima muda anaoitazama picha moja kuliko nyingine kabla hajaweza kusema. Ulinganisho huu umekusudiwa mtafiti, hasa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, anayetaka kuifanya kazi hiyo kwa watoto wanaokua na Kiswahili, ambacho katika eneo hili kimeandikiwa kidogo mno kikilinganishwa na Kiingereza, Kihispania au Kituruki.

Kwanza tuliweke swali lenyewe sawasawa. Katika tukio la mwendo kuna kitu kinachosogea, kuna njia yake, yaani kuingia, kutoka, kupanda, kushuka au kuvuka mahali fulani, na kuna namna kinavyosogea, yaani kukimbia, kutambaa, kuchechemea au kubingiria. Mwanaisimu Leonard Talmy alionyesha, katika maandishi yake ya mwaka 1985 na yaliyofuata, kwamba lugha hutofautiana katika mahali zinapoiweka njia. Kiingereza, Kijerumani na Kirusi hukipa kitenzi kikuu kazi ya kubeba namna, na njia huachiwa neno dogo au kiambishi kinachoandamana na kitenzi hicho, ilhali Kihispania, Kifaransa, Kituruki, Kiebrania na Kijapani huiweka njia ndani ya kitenzi chenyewe na kuiacha namna ielezwe pembeni au isielezwe kabisa. Kiswahili kimeegemea upande huu wa pili, kwa kuwa toka, ingia, panda, shuka, vuka na pita ni vitenzi vya njia, na msemaji anayetaka kutaja namna husema kwamba mtu alivuka mto kwa kuogelea au aliingia ndani mbio. Mtafiti wa lugha ya watoto anataka kujua ni katika umri gani mtoto huanza kufuata mpangilio wa lugha yake, na kama kabla ya hapo watoto wa lugha zote huanzia mahali pamoja.

Kitabu cha chura

Kitabu cha picha ndicho chenye jina kubwa kuliko mbinu nyingine zote. Kinachotumika ni kitabu kidogo cha Mmarekani Mercer Mayer kilichochapishwa mwaka 1969, chenye picha 24 na kisicho na neno hata moja la hadithi, kinachoonyesha mvulana na mbwa wake wakimtafuta chura aliyetoroka usiku kutoka kwenye chupa alimokuwa amefugwa. Ruth Berman na Dan Slobin walikifanya kuwa chombo cha utafiti katika kazi kubwa iliyotoka mwaka 1994, ambayo ililinganisha Kiingereza, Kijerumani, Kihispania, Kiebrania na Kituruki kwa watoto wa kuanzia miaka 3 hadi 9 pamoja na watu wazima. Miaka 10 baadaye juzuu ya pili, iliyohaririwa na Sven Strömqvist na Ludo Verhoeven, ikaongeza lugha nyingine nyingi.

Nguvu ya mbinu hii iko katika picha chache ambazo zimegeuka kuwa kipimo cha kimataifa. Katika mojawapo mvulana amepanda mti na kuchungulia tundu la shina, naye bundi anajitokeza ghafla na kumwangusha. Wasimulizi wa Kihispania, Kifaransa, Kituruki na Kiebrania, wadogo kwa wakubwa, karibu wote husema kwamba bundi alitoka, wakaishia hapo. Wasimulizi wa Kirusi hutumia kitenzi cha namna, kwamba aliruka nje, na wale wa Kiingereza huwa katikati. Katika picha nyingine mnyama mwenye pembe ndefu anakimbia na mvulana kichwani mpaka ukingoni mwa jabali, na mvulana na mbwa wanaangukia majini. Hapo watoto wa Kiingereza, hata wadogo, huongeza maneno ya njia baada ya kitenzi kimoja, ilhali watoto wa Kihispania kadiri wanavyokua huelekea kueleza mandhari, kwamba palikuwa na jabali na chini yake palikuwa na maji, na msikilizaji akaachiwa akisie njia yenyewe. Kutokana na tofauti za aina hii Slobin alijenga hoja yake ya kufikiri kwa ajili ya kusema, yaani kwamba mtoto anapojifunza lugha hujifunza pia ni mambo gani ya tukio ayaangalie pale anapojiandaa kulisema.

Kwa mtafiti asiye na fedha, kitabu hiki kina mvuto mwingine: masimulizi ya watoto wa lugha kadhaa yamekwisha kunukuliwa na kuwekwa katika CHILDES, hazina ya pamoja ya rekodi na nukuu za usemi wa watoto, ambayo Brian MacWhinney na Catherine Snow waliianzisha mwaka 1984, kwa hiyo anaweza kukusanya data ya Kiswahili pekee na kuilinganisha na ya wengine bila kupanda ndege.

Hata hivyo nisingemshauri mwanafunzi aanzie hapo, na sababu kubwa ni kwamba picha hazisogei. Bundi wa kitabuni yuko tayari nje ya tundu lake. Mtoto anayesema kwamba bundi yupo, au kwamba bundi anamwangalia yule mtoto, hajakosea lolote, wala hajathibitisha kwamba hana uwezo wa kueleza kutoka. Vilevile kusimulia ni ustadi unaojitegemea, ambao mtoto wa miaka 3 bado anaujenga, na wengi wa umri huo hutaja tu vitu ukurasa baada ya ukurasa: mbwa, nyuki, mti. Mtafiti akihesabu vitenzi vya mwendo katika masimulizi hayo, anakuwa amepima mambo mawili kwa pamoja na hawezi kuyatenganisha tena. Kisha kuna suala la mazingira. Chura anayefugwa chumbani ni jambo geni kwa watoto wengi wa kwetu, na bundi, ambaye katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki huhesabiwa kuwa ndege wa uchuro, anaweza kumfanya mtoto azungumzie mikosi badala ya mwendo. Kasoro hizi hazikiondolei kitabu thamani yake pale ambapo swali ni la usimulizi, yaani jinsi watoto wa miaka 5 na kuendelea wanavyounganisha matukio ya mwendo katika safari moja ndefu. Kwa swali hilo sioni mbinu ya kukishinda.

Rekodi za nyumbani

Mwaka 1991 Soonja Choi na Melissa Bowerman walichapisha makala iliyolinganisha maneno ya mwendo ya watoto wadogo sana wa Kiingereza na wa Kikorea kwa kutumia rekodi za mazungumzo ya kawaida na kumbukumbu za kila siku ambazo Bowerman alikuwa akiziandika kuhusu binti zake wawili. Matokeo yake bado yanashangaza. Watoto wa Kiingereza, tangu kabla ya kutimiza miaka miwili, walitumia maneno yale yale ya njia, kama 'up', 'down', 'in' na 'out', kwa mwendo wao wenyewe na kwa vitu walivyovisogeza: neno moja lilitosha kwa kupanda kitini, kuomba kubebwa na kuinua mwanasesere. Watoto wa Kikorea wa umri huo hawakuchanganya hivyo. Walikuwa na vitenzi vya mtu au kitu kinachojiendea na vitenzi vingine vya kukisogeza kitu, kama lugha yao inavyodai. Zaidi ya hapo, walitumia kitenzi kkita kwa chochote kinachobana kinapowekwa, kiwe kimeingia ndani ya kingine au kimepachikwa juu yake, na wakatumia vitenzi vingine kwa vitu vilivyotiwa mahali vikalegea. Kiingereza kinayagawa matukio hayo kwa kigezo tofauti kabisa, cha ndani na juu. Kwa maneno mengine, kabla ya kutimiza miaka miwili mtoto tayari anagawa mambo kwa mujibu wa lugha ya mama yake, na hakuna kitabu cha picha kingeweza kulionyesha hilo, kwa kuwa mtoto wa umri huo hasimulii.

Kwa Kiswahili uwanja huu una utajiri wake. Mtoto wa Kiswahili, kama yule wa Kikorea, hutakiwa kutenganisha kwa kitenzi mwendo wa mtu na mwendo anaoufanyia kitu, lakini vitenzi vyake vingi vya jozi hizo hutokana na mzizi mmoja: panda na pandisha, shuka na shusha, ingia na ingiza, vuka na vusha. Pia lugha inampa jozi za kutendua, kama chomeka na chomoa, funika na funua, vaa na vua, pakia na pakua. Je, mtoto wa mwaka mmoja na nusu husema shuka anapotaka kushushwa, na huendelea hivyo kwa muda gani kabla ya kushika shusha? Je, chomoa huanza kwa kila kitu kinachotolewa au kwa kile kilichobana tu? Maswali haya hayajibiwi kwa jaribio la dakika 15. Hujibiwa kwa kukaa na mtoto mmoja, wiki baada ya wiki, mama akimvua viatu na kaka yake akimnyang'anya chaja.

Kazi ya aina hii inawezekana katika lugha za Kibantu, na mifano ipo. Katherine Demuth alirekodi watoto wa Kisotho nchini Lesotho katika miaka ya 1980, na rekodi zake zimo katika CHILDES. Kamil Ud Deen alirekodi watoto wanne wa Nairobi na mwaka 2005 akatoa kitabu kuhusu upataji wa Kiswahili, ingawa yeye alishughulikia viambishi awali vya kitenzi na kiima, si mwendo. Katika eneo la Kilifi, Katie Alcock na wenzake walitengeneza orodha za msamiati wa watoto wadogo kwa Kiswahili na Kigiriama, ambazo mzazi asiyejua kusoma huulizwa kwa mdomo. Orodha hizo ni nyenzo nzuri ya kujua ni vitenzi gani vimekwisha kuingia kinywani mwa mtoto, lakini haziwezi kueleza anavyoviunganisha katika sentensi.

Udhaifu wa rekodi za nyumbani ni wa aina mbili. Wa kwanza ni gharama ya muda, kwa sababu saa moja ya sauti inaweza kula siku nzima ya unukuzi au zaidi, na mtoto mmoja anayefuatiliwa mwaka mzima anatosha kummaliza mwanafunzi nguvu. Wa pili ni mzito zaidi: mambo unayoyatafuta hutokea mara chache. Katika mazungumzo ya kawaida ni nadra mtu kuvuka kitu huku akifanya jambo la kutajwa kwa namna yake, hivyo mtafiti anaweza kuwa na saa 40 za rekodi asikute hata sentensi moja ya mtu kuingia mahali akitambaa. Kutokuwepo kwa sentensi hiyo hakumwambii chochote. Huenda mtoto hawezi kuisema, huenda hakuna mtu aliyetambaa.

Video fupi

Hapa ndipo ningetumia muda wangu na fedha zangu, kama mtafitiwa ana miaka 3 au zaidi. Asili ya mbinu hii ni rahisi: mtafiti hutengeneza vipande vya sekunde chache, kila kimoja kikiwa na njia moja na namna moja zilizochaguliwa, kisha mtoto hutazama na kueleza. Aslı Özyürek, Sotaro Kita, Shanley Allen na wenzao walitumia katuni za kiumbe chekundu chenye umbo la nyanya na mwenzake wa pembetatu ya kijani, wanaobingiria, kuruka au kujizungusha huku wakipanda au kushuka mteremko. Katika makala yao ya mwaka 2007 walilinganisha watoto wa miaka 3 wa Kiingereza, Kituruki na Kijapani, na wakaona kwamba umri huo tayari unatosha kwa lugha kuacha alama yake: watoto wa Kiingereza walibana namna na njia katika kishazi kimoja, na wale wa Kituruki na Kijapani walizigawa zaidi. Katika makala ya mwaka 2008, iliyohusu Kiingereza na Kituruki kwa miaka 3, 5 na 9 pamoja na watu wazima, waliongeza jambo ambalo mbinu nyingine zisingelinasa, yaani ishara za mikono. Maneno ya watoto yalifuata lugha zao tangu miaka 3, lakini mikono ya wadogo wa lugha zote mbili ilifanana, na mikono ikaanza kutofautiana kama ya watu wazima baadaye sana. Maya Hickmann na wenzake, kwa upande wao, walionyesha mwaka 2009 kwamba watoto wa Kiingereza huunganisha namna na njia tangu miaka 3, ilhali wenzao wa Kifaransa hutaja mambo machache zaidi kwa kila tukio, na hali hiyo hubadilika kidogo kidogo kwa umri.

Sababu ya kuipendelea mbinu hii ni kwamba inatoa maana kwa ukimya. Mtoto akiona mtu anaingia chumbani akichechemea na kusema tu kwamba ameingia, tunajua kwamba kuchechemea kulikuwepo mbele ya macho yake na kwamba amekuacha. Zaidi ya hapo, mtafiti anaweza kutengeneza jozi za video zinazotofautiana kwa jambo moja tu. Jozi ambayo ningeiweka mbele kwa Kiswahili ni hii: katika video ya kwanza mtu anakimbia uani mpaka mlangoni na kusimama hapo, na katika ya pili anakimbia vilevile lakini anaupita mlango na kuingia. Wanaisimu wamekwisha kugundua kwamba lugha kama Kihispania hukubali kitenzi cha namna pale ambapo hakuna mpaka unaovukwa, lakini hukikataa mara tu mpaka unapovukwa. Kiswahili kina kauli ya kutendea, ambayo humwezesha msemaji kusema kwamba mtu alikimbilia mlangoni na pia kwamba alikimbilia ndani. Watoto wakisema kwa wingi kwamba mtu wa video ya pili alikimbilia ndani, tutakuwa na sababu ya kuuliza kama Kiswahili kimekaa kweli katika kundi moja na Kihispania. Wakisema kwamba aliingia mbio au aliingia akikimbia, kundi hilo litakuwa limethibitika kwa ushahidi wa watoto wenyewe.

Mbinu hii nayo ina mitego, na mkubwa ni swali linaloulizwa. Ukimuuliza mtoto, "Amefanya nini?", umemvutia upande wa namna, na ukimuuliza, "Ameenda wapi?", umempa njia mkononi. Swali la wazi kama "Hebu tuambie, imekuwaje?" ni salama zaidi, na lazima liwe lile lile kwa kila mtoto na kila video. Mtego mwingine ni mtafiti mwenyewe. Mtoto aliyelelewa kwa adabu akiwekwa mbele ya mgeni mwenye kamera ataamkia, kisha atajibu kwa neno moja au atanyamaza. Jibu la neno moja likihesabiwa kuwa upungufu wa lugha, mtafiti atakuwa amepima haya ya mtoto. Dawa yake ni kumweka msikilizaji anayemjua, bibi au dada yake, ambaye hakuiona video na anataka kweli kujua kilichotokea. Mtoto anayemwambia bibi yake, "Bibi, yule mtu katoka mbio, kaenda kule!" anasema Kiswahili chake, na mnukuzi akiandike kama kilivyosemwa, bila kukisahihisha kiwe cha darasani.

Jambo moja zaidi kuhusu mipaka ya video na ya kila mbinu inayotegemea kusema. Anna Papafragou na wenzake waliwalinganisha mwaka 2002 wasemaji wa Kiingereza na Kigiriki, watoto na watu wazima, wakaona kwamba maelezo yao ya mwendo yalitofautiana kama lugha zao zinavyotofautiana, lakini walipopimwa kumbukumbu ya matukio yale yale hawakutofautiana. Anayetaka kudai kwamba watoto wa Kiswahili wanaona au wanakumbuka mwendo kwa njia yao ya pekee hatatosheka na maelezo yao. Itambidi aongeze jaribio la kumbukumbu. Anayetaka kujua wanavyosema hahitaji kulibeba dai hilo kubwa, na afadhali asilibebe.

Macho ya mtoto

Mbinu ya nne nitaipitia upesi, kwa kuwa kwa wasomaji wengi haitakuwa chaguo la kwanza. Mtoto huketi kwenye mapaja ya mama yake mbele ya video mbili, sauti hutaja neno, na mtafiti hupima ni upande upi ameutazama zaidi, mama akiwa amezuiwa kuona ili asimwelekeze. Kwa mbinu hii Choi, McDonough, Bowerman na Mandler walionyesha mwaka 1999 kwamba watoto wa miezi 18 hadi 23 wa Kiingereza na wa Kikorea huelewa maneno ya njia kwa mgawanyo wa lugha zao, hata kabla wengi wao hawajayasema. Mwaka 2004 Susan Hespos na Elizabeth Spelke, kwa mbinu ya jirani inayopima mtoto anavyochoshwa na tukio linalorudiwa na kuzindukana linapobadilika, waliona kwamba watoto wa miezi 5 wa nyumba za Kiingereza hutofautisha kubana na kulegea, tofauti ambayo Kiingereza hakitawadai baadaye. Kwa hiyo lugha haionekani kuumba tofauti hiyo. Inachagua miongoni mwa zile ambazo mtoto anazo.

Matokeo haya mawili husomwa mara nyingi kama yanayogombana na yale ya Choi na Bowerman ya mwaka 1991, lakini hayagombani. Moja linahusu kile ambacho macho yanakitambua, la pili linahusu maneno yanayoeleweka, na la tatu linahusu maneno yanayosemwa. Ugomvi mwingi katika taaluma hii ungepungua kama kila msomaji angeuliza kwanza ni kwa mbinu gani jambo limejulikana. Ama kwa uchaguzi wetu, kupima macho kunahitaji chumba tulivu, mpangilio makini wa skrini na kamera, subira ya kuchambua video fremu kwa fremu, na watoto wengi kuliko unaowahitaji, kwa sababu baadhi watalia au watalala. Chuo kisicho na maabara ya watoto wachanga kiiache mbinu hii mpaka kipate mshirika.

Uchaguzi wenyewe, na jedwali la kuhesabia

Kwa swali la watoto wa chini ya miaka miwili na nusu, chagua rekodi za nyumbani, watoto wachache, muda mrefu. Kwa swali la kuunganisha namna na njia kwa watoto wa miaka 3 mpaka 10, chagua video, na ukiweza mfuate mtoto mmoja au wawili nyumbani ili ujue kama wanachokisema mbele ya kompyuta kinafanana na wanachokisema uani. Kitabu cha chura kitumike kwa watoto wa miaka 5 na kuendelea, pale usimulizi wenyewe unapochunguzwa au pale ulinganisho na lugha nyingine ndio lengo kuu.

Mbinu yoyote itakayochaguliwa, kazi inaweza kuharibika katika hatua ya kuainisha majibu, kwa sababu majedwali yaliyopo yalitengenezwa kwa lugha nyingine. Allen na wenzake, katika ile makala ya mwaka 2007, waligawa majibu katika ngazi tatu, kuanzia kishazi kimoja mpaka vishazi vilivyoachana, na ngazi hizo zinakubalika kwa Kiswahili: "aliingia mbio" na "aliingia kwa kutambaa" ni kishazi kimoja, "aliingia akitambaa" na "aliingia huku anatambaa" ni kikuu na tegemezi, na "alitambaa akaingia" ni viwili vinavyofuatana. Hii ya mwisho inataka uangalifu, maana -ka- ya usimulizi ni chombo cha kawaida kabisa cha mtoto wa Kiswahili, na anayeitumia huenda anaeleza tukio moja kwa vitenzi viwili bila kukusudia kwamba lilitokea la kwanza kisha la pili.

Kuna safu nyingine ambazo mtafiti itambidi aziongeze mwenyewe. Kauli ya kutendea nimekwisha kuitaja, nayo ipewe safu yake, kwa kuwa kukimbia na kukimbilia si jibu moja. Safu nyingine ni ya tanakali za sauti. Tuseme mtoto ameona video ya mtu anayetumbukia mtoni, akasema, "Akaanguka chubwi!" Jedwali lililoigwa kutoka Kiingereza litahesabu kitenzi kimoja cha kuanguka na kulitupa neno la mwisho kama mlio tu, ilhali neno hilo ndilo linalomwambia msikilizaji kwamba aliyeanguka ameishia majini, na kwa hiyo limebeba sehemu ya njia pamoja na namna. Mtoto wa miaka 3 anayesema hivyo huenda ameeleza tukio kwa ukamilifu kuliko mkubwa anayesema kwamba mtu alianguka. Mwisho kuna kiambishi -ni cha mahali, ambacho hakisemi kama mtu yumo, anaelekea au anatoka. "Aliruka mtoni" peke yake haitoshi kumwambia mtafiti njia ni ipi, kwa hiyo jibu kama hilo liandikwe kwamba limetaja mahali bila kutaja njia, wala lisihesabiwe kwa kuangalia video na kukisia mtoto alikuwa na maana gani.

Kuhusu mahali pa kufanyia kazi, Unguja, Mombasa na Dar es Salaam zina watoto wengi ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya kwanza nyumbani na mtaani, ilhali Nairobi mtoto hukua kati ya Kiswahili, Sheng na Kiingereza, na katika maeneo mengi ya bara Kiswahili humfikia mtoto kikiwa lugha ya pili. Haya si matatizo, ila ni utafiti wa aina tofauti, na lugha ya shuleni iandikwe kwa kila mtoto kwa sababu mwenye miaka 8 anayefundishwa kwa Kiingereza ana lugha mbili zinazomvuta pande mbili. Kibali cha utafiti, kwa Tanzania Bara kutoka COSTECH na kwa Kenya kutoka NACOSTI, ambazo ni tume za taifa za sayansi na teknolojia, kiombwe mapema, pamoja na idhini ya wazazi inayotaja wazi kwamba sura na sauti ya mtoto vitarekodiwa.

Kundi la watu wazima wa mtaa ule ule ni la lazima, kwa kuwa bila hilo hakuna anayejua mtoto anaelekea wapi: kama watu wazima wenyewe huiacha namna katika nusu ya majibu yao, mtoto anayeiacha hana upungufu wowote. Watu wazima hao warekodiwe kabla ya watoto, kwa video zile zile na swali lile lile, maana majibu yao ndiyo yatakayoonyesha video ipi haieleweki na swali lipi linaelekeza jibu, wakati bado kuna nafasi ya kuvibadilisha.